Meno Kumi na Mawili

Ulimwona. Usikunje uso, ulimwona. Ulikuwa umesimama palepale ambapo lami inakatika, kando ya lile geti jeusi, na mbele ya macho yako mama mtu mzima alikuwa ameketi ndani ya toroli la ujenzi, miguu inaning'inia, kitambaa cha kichwa kimemteleza hadi sikioni, na wanaume watatu wanamsukuma kupanda kilima kama mfuko wa saruji. Ulifanya nini? Ulipandisha kioo cha gari. Au ulijipapasa mfukoni kana kwamba umepoteza kitu. Au ulitoa simu ukarekodi, ukawatumia wenzako, mkavunjika mbavu kwa kicheko siku nzima.

Basi leo utasikiliza. Yule mama ana binti, binti ana pikipiki, na habari yenyewe, ingawa hustahili kuisikia, ni ya furaha.

Kilima unakijua. Watu wa barabara walipokuja na mitambo yao, walianzia chini. Utepe ukakatwa, hotuba zikasomwa, watu wa juu kilimani wakateremka na watoto mgongoni kuja kupiga makofi. Lami ikamwagwa, ikapanda, ikapanda, ikafika kwenye geti jeusi la diwani, na hapo mtambo ukageuza. Ulikuwa wa njano, una bendera ndogo ya plastiki mbele. Watu wa juu hawajasahau hata rangi ya ile bendera. Waliambiwa vifaa vimekwama njiani, vinakuja. Tangu hapo mvua zimenyesha na kunyesha, na juu ya geti lile barabara imebaki mawe, mchanga unaoteleza, na mfereji uliochimbwa na maji katikati kama kovu la upasuaji.

Katikati ya sehemu hiyo kuna kona kali. Waendesha pikipiki wote wana desturi moja wakifika hapo. Injini ikianza kukoroma, dereva hugeuza shingo na kusema kwa upole, "Tushuke kidogo." Husema "tushuke," lakini anayeshuka ni mmoja. Abiria hupanda kwa miguu na mizigo yake mpaka kileleni, dereva akimsubiri huko huku anajipepea kwa kofia, na nauli hailegezwi hata kidogo. Watu walishazoea. Kitu kibaya kikizoeleka, hupewa jina, na pale mahali pakaitwa Tushuke.

Mama Turubai hakuwa mtu wa kuambiwa tushuke. Alikuwa fundi cherehani wa vitu vizito: mahema, mabegi ya safari, mafuniko ya malori, viti vya magari. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama pembe, na sauti yake ilivuka kelele za mashine kumi bila yeye kusimama. Siku moja ya mvua aliteleza pale kwenye mfereji akiwa na robota la turubai begani. Goti likageuka upande usio wake. Lilipona kwa namna ya kupona, yaani aliweza kutembea kutoka kitandani hadi dirishani, na kutoka dirishani hadi jikoni, na kwenye tambarare akishika fimbo alikwenda vizuri tu. Mteremko na mwinuko ndivyo vilivyomshinda.

Binti yake ndiye aliyekuwa na pikipiki. Kijiweni walimwita Dada Breki, kwa kuwa alishika breki hata kuku akimtazama vibaya. Alikuwa mwanamke peke yake pale kijiweni, na abiria wenye watoto wachanga walimpenda kwa hiyo hiyo breki. Yeye ndiye aliyembeba mama yake siku ile ya toroli. Walikuwa wanatoka hospitali kuangaliwa goti. Walipofika Tushuke injini ikazimika, pikipiki ikaanza kurudi nyuma, na Dada Breki, meno yameuma midomo, miguu yote miwili chini, akasema maneno ambayo hakuwahi kudhani angemwambia mzazi wake.

"Mama, tushuke kidogo."

Mama hakuweza kupanda, hakuweza kuteremka. Aliketi juu ya jiwe. Watu wakajaa. Toroli likaletwa kutoka nyumba iliyokuwa inajengwa, bado lina mchanga ndani. Mengine unayajua, umeyatazama kwenye simu.

Tangu siku hiyo Mama Turubai hakutoka nje. Alishona kwa mkono, amekaa kitandani, makaratasi ya vipimo yananing'inia kwenye misumari ukutani, chaki imewekwa juu ya redio. Alinung'unika kwamba kushona turubai kwa mkono ni kama kumkuna kiboko kwa unyoya. Utani huo aliutoa bila kucheka, na binti yake alijua kwamba mama asipoucheka utani wake mwenyewe, mambo yameharibika.

Ndipo simu ikapigwa kutoka karakana ya ushonaji kule mjini, alikokuwa akifanya kazi. Alikuwa msimamizi. Dada Breki alikuwa jikoni, akaisikia sauti yake ikitoka kwenye simu kwa sababu mama yake hakuamini simu isiyopaza sauti.

"Mama, tumekuvumilia sana. Ile mashine nzito ya dirishani haiwezi kukaa bure, kazi za mahema zimejaa. Jumatatu tukiikuta haina mtu, tunampa mwingine. Na si kuja siku moja ukatoweka tena. Tunataka mtu wa kila siku."

"Mashine ile nimeikalia kabla hujajua kufunga kamba za viatu," akasema Mama Turubai.

"Najua, mama. Ndiyo maana nimepiga simu badala ya kuihamisha tu."

Simu ikakatwa. Dada Breki akatoka jikoni, mikono ina povu la sabuni.

"Nitakupeleka, Mama."

"Kushuka hata jiwe linashuka," mama akamjibu. "Jioni nitarudi na nini? Toroli sipandi tena. Nisikilize vizuri, mwanangu. Kama pikipiki yako hainipandishi mpaka mlangoni, usinishushe. Mashine waichukue, nibaki na heshima yangu."

Hapo akageukia ukuta, akajifanya amelala, mchana kweupe.

Ilikuwa Ijumaa. Dada Breki aliteremka kilima roho juu, akaenda moja kwa moja kwa fundi wa pikipiki. Fundi huyu alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini hakuna aliyelikumbuka. Aliitwa Kesho. Ukimletea tairi, kesho. Ukimletea pancha, kesho. Inasemekana siku ya harusi yake mwenyewe alimwambia bibi harusi asubiri kidogo. Banda lake lilikuwa la mabati, cheni za zamani zimetundikwa kama shanga, chini kuna kopo la oili chafu, na katikati ya vyote hivyo alikaa yeye, juu ya kreti la soda lililokuwa linaomba msamaha kwa uzito wa tumbo lake.

"Fundi, pikipiki yangu haina nguvu ya kuondoka. Kwenye kilima inakufa."

"Niachie. Kesho."

"Kesho hakuna. Jumatatu namshusha mama, na jioni lazima nimpandishe."

Fundi akasita. Habari ya toroli aliijua. Tena, liandikwe hili kwa faida yake: yeye hakuipitisha ile video kwa mtu yeyote. Akajikuna shingo kwa bisibisi.

"Injini ni nzima, nimeisikia ikija. Hapa tunagusa sproketi."

Sproketi, kwa wewe uliyezoea kukaa nyuma tu, ni yale magurudumu mawili ya chuma yenye meno, dogo liko mbele ubavuni mwa injini, kubwa liko kwenye tairi la nyuma, na cheni inayazunguka yote mawili. Pikipiki ya Dada Breki ilikuwa na meno kumi na manne mbele.

Kijana mmoja wa kijiweni akawa amefika, ameegemea nguzo, kofia ngumu ameitundika kiwikoni. Huyu alijiita Roketi, na si kwa bure. Kwenye lami hakuna aliyemwona zaidi ya moshi wake.

"Mimi mbele nina kumi na sita," akasema. "Fundi ndiye aliyenifungia. Dada, weka kumi na sita. Meno mengi, kuuma kwingi. Hata mbwa anajua."

Fundi akalitafakari jambo hilo. Lilimwingia. Pikipiki yenye kasi kuliko zote ina meno kumi na sita, pikipiki yenye kasi ndiyo yenye nguvu, basi ugonjwa umepata dawa. Wakafunga kumi na sita Jumamosi asubuhi, cheni ikakaza kama waya wa kuanikia nguo, ikabidi tairi lisukumwe mbele mpaka karibu na mwisho ili ipite.

Likabaki swali la kujaribu. Pikipiki tupu haithibitishi kitu; ulihitajika uzito.

"Mama ana kilo ngapi?" Roketi akauliza.

"Nenda kamuulize mwenyewe, kama una ubavu."

Roketi hakuwa na ubavu. Akatazama pembeni, macho yake yakatua juu ya tumbo la fundi. Dada Breki naye akatazama hukohuko. Wateja wawili waliokuwa wanangoja pampu ya upepo nao wakatazama.

"Mimi nina kazi nyingi," fundi akasema. "Labda kesho..."

Wakampakia. Pikipiki ikainama nyuma kama punda anayeketi. Kwenye lami ilikwenda vizuri ajabu, Roketi akiwafuata pembeni anapiga kelele, "Umeona? Umeona, dada?" Wakalipita geti jeusi. Tairi likagusa mawe. Injini ikaanza kujikokota na kukohoa, ikatafuta pumzi, na hata hawajafikia kona, ikazimika. Ya zamani angalau ilifika Tushuke.

Dada Breki alishika breki zote mbili. Hakuogopa kuanguka. Aliiona Jumatatu ikimponyoka. Akageuza shingo.

"Fundi, tushuke kidogo."

"Tushuke nani?" fundi akauliza. "Wewe umekaa!"

Akashuka. Akapanda kilima kwa miguu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, maana yeye nyumba yake iko kwenye tambarare. Njiani ndala ikakatika. Akaivaa mkononi. Akasimama kushika kiuno, akasimama kutukana, akasimama kumsalimia mtu asiyemjua ili apumzike kidogo. Alipofika kileleni fulana yake ungeweza kuikamua ujaze ndoo.

"Maji," akasema. "Nipeni maji, nife nikiwa nimeshiba."

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Mama Turubai. Naye alikuwa dirishani, ameona kila kitu: jitu zima, limelowa, ndala mkononi, linayumba kama hema lililokatika kamba. Kwanza alijaribu kujizuia. Alimeza. Alikohoa. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, kilichomfanya ashike dirisha kwa mikono miwili, na binti yake aliyekuwa anaegesha pikipiki akasimama kama aliyepigwa na butwaa. Hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu siku ya toroli.

"Shikamoo, mama," fundi akasema kwa unyonge.

"Marahaba, baba. Ingia. Pole sana. Hata mimi nilipita njia hiyohiyo, ila mimi nilipata usafiri."

Fundi akatazama chini. Roketi, aliyekuwa amefika nyuma yao, akatazama juu, kwa maana yeye video aliituma. Mama Turubai alilijua hilo pia, hasahau mtu, lakini siku hiyo alimpa maji kikombe kilekile.

Wakakaa kitandani na kwenye kigoda. Fundi, alipopata pumzi, akatoa mfukoni ile sproketi ya zamani ya meno kumi na manne, akaeleza walichofanya: wameweka kubwa zaidi, wameongeza meno, na bado. Mama Turubai akaichukua, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye meno yake kama anayekagua mshono.

"Hii ndiyo inayozungushwa na injini?"

"Ndiyo, mama."

"Inavuta cheni, cheni inavuta tairi?"

"Ndiyo."

"Sasa nyie watatu," akasema, na sauti ile ya karakana ikamrudia, "nyie wenye akili zenu timamu, mmeiongeza ukubwa? Mashine yangu ina puli kwenye mota, hivi, kagurudumu ka chuma, na mkanda unakwenda juu. Nikishona shuka naweka puli kubwa, mashine inakimbia kama inafukuzwa. Nikishona turubai lililokunjwa mara nne, ile kubwa inaguna tu, sindano haishuki. Nafanyaje?"

Akaiinua ile sproketi mbele ya macho yao.

"Natoa kubwa naweka ndogo! Sindano inakwenda polepole, lakini inatoboa. Inatoboa turubai, inatoboa ngozi, ukiweka kidole inatoboa kidole. Ukitaka mbio, weka kubwa. Ukitaka nguvu ya kuanzia, weka ndogo. Huyu," akamwonyesha Roketi kwa sproketi, "anashona mashuka. Mwanangu anashona turubai."

Fundi alibaki mdomo wazi. Akaitazama mikono yake, akaizungusha hewani, mmoja kwa duara dogo, mwingine kwa duara kubwa. Akaanza kutikisa kichwa kama mtu anayekumbuka alipoweka funguo.

"Ninayo moja bandani," akasema. "Meno kumi na mawili. Imekaa mpaka imeota kutu, hakuna anayeitaka, wanasema inachelewesha."

"Basi utamfungia lini?" Mama Turubai akauliza.

Watu wote wakamtazama fundi. Ndala ilikuwa bado mkononi.

"Leo," akasema. "Leo hii."

Habari hiyo ilifika kijiweni kabla yao, na kuna waliobisha hadi jioni kwamba neno hilo lilitoka kinywani mwake.

Walifanya kazi mchana ule wote. Fundi aliisugua ile ndogo kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka chuma kikacheka. Dada Breki hakukubali kukaa pembeni. Pikipiki ni yake. Akatoa pedali ya gia, akafungua kifuniko ubavuni mwa injini, ndani kukiwa na tope la grisi la miaka. Akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote ili tairi lisizunguke, fundi akalegeza bolti mbili ndogo. Sahani ya kuzuia sproketi isichomoke ikageuka, ikatoka. Wakalegeza nati ya ekseli, wakasukuma tairi mbele, cheni ikalegea. Ile ya meno kumi na sita ikang'oka na Roketi akaipokea mikononi kama anapokea maiti. Ya meno kumi na mawili ikaingia, ndogo kama biskuti.

"Haka?" Roketi akasema. "Haka katambeba mama?"

"Nyamaza wewe wa mashuka," fundi akamwambia.

Wakavuta tairi nyuma, wakaangalia alama za pande zote mbili ziwe sawa, fundi akapima cheni kwa vidole viwili, juu na chini, mpaka akaridhika na ulegevu wake. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akapanda nyuma mwenyewe.

Kwenye lami mambo yalikuwa ya aibu. Injini ilipiga kelele kama imekanyagwa mkia, pikipiki ikienda mwendo wa kusindikiza wageni. Baiskeli ya muuza mkate iliwapita, na mwenye baiskeli akawaaga. "Dada, umenunua kobe!" Roketi akapiga kelele. Dada Breki alihisi masikio yanachemka.

Kisha mawe. Akaingiza gia ya kwanza. Pikipiki ikajikaza, ikashika ardhi, ikaanza kupanda kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mkoba wake mkononi, bila haraka na bila kuguna. Mfereji wakauvuka. Kona ya Tushuke ikaja, ikapita, na hakuna aliyeshuka. Nyuma yake fundi alikuwa anaimba. Hakuwa na sauti ya kuimba, lakini alipofika kileleni alirudia ubeti wa kwanza.

Jumatatu asubuhi Mama Turubai alivaa gauni lake la buluu na kofia ngumu iliyopitishwa kwa shida juu ya kitambaa. Fimbo ikafungwa ubavuni mwa pikipiki. Waliteremka na Dada Breki akashika breki kwa jinsi yake.

Karakanani walikuta mto wa mtu mwingine tayari uko juu ya kiti cha dirishani. Mama Turubai akauinua kwa vidole viwili, akauweka juu ya meza ya msimamizi, akaketi. Akapuliza vumbi kwenye mashine. Akavua puli kubwa ambayo mtu asiyejua kazi alikuwa ameifunga, akafunga ndogo, akakunja turubai mara nne na kulipitisha chini ya sindano. Mlio ukajaa chumba kizima, ule mlio mzito, dum dum dum, na wenzake wakaacha kazi wakaja kumkumbatia mpaka uzi ukakatika.

"Leo umekuja, mama," msimamizi akasema, akiwa anatabasamu lakini bado msimamizi. "Na kesho?"

"Usiniulize mimi. Muulize dereva wangu jioni."

Jioni jua lilikuwa bado liko juu ya mabati. Habari zilikuwa zimeenea, na kwenye kona watu walishajipanga, juu ya mawe, juu ya kuta, simu mikononi. Umati uleule. Huenda na wewe ulikuwepo, sura zilikuwa nyingi. Dada Breki aliwaona kutoka mbali. Akaingiza gia ya kwanza mapema, macho mbele, akijiambia kimoyomoyo: usisimame, usisimame, chochote kitakachotokea usisimame.

Mawe yakapita chini yao. Mfereji ukapita. Wakaingia kwenye kona.

"Simama hapa," Mama Turubai akasema.

"Mama!"

"Nimesema simama. Hapahapa, kwenye jiwe langu."

"Mama, nikisimama hapa haitaondoka! Mteremko huu, mzigo huu..."

"Mzigo nani?"

Dada Breki akasimama. Hakuna binti ambaye asingesimama. Breki zote mbili, mguu mmoja chini, jasho linamtiririka mgongoni. Simu zikainuliwa.

Mama Turubai hakushuka. Alikaa wima juu ya kiti, mikono magotini, akawatazama mmoja mmoja.

"Hamjambo?" akasema.

Wakaitikia kwa kunong'ona.

"Nimekuja kuwasalimia. Mara ya mwisho tulipoonana hapa hakuna hata mmoja aliyenisalimia, mlikuwa na kazi ya kupiga picha. Sasa pigeni. Pigeni vizuri, mwanga ni mzuri. Wewe, sogea, mbona unajificha? Upande huu ndio mzuri."

Roketi akashusha simu. "Nisamehe, mama," akasema, mbele ya watu wote.

"Nimekusikia. Jumamosi utakuja kunifulia mapazia." Kisha akamgusa binti yake begani. "Haya, mwanangu. Twende."

Dada Breki akavuta pumzi. Akaachia klachi kidogo, kidogo tena, akasikia cheni ikikaza. Injini ikashusha sauti, ikafikiri. Akaiachia na breki. Kwa muda wa kufumba jicho hakuna kilichotokea, pikipiki ilisimama palepale hewani baina ya kupanda na kurudi, na kisha meno kumi na mawili yakauma. Ikaondoka. Kutoka sifuri, kwenye mawe, mwinuko mkali, na mama mzito juu yake, ikaondoka kama inavutwa kwa kamba kutoka juu.

Kelele iliyopigwa pale ilisikika hadi kwa diwani. Watu walikimbia nyuma yao, wanawake wanapiga vigelegele, fundi Kesho ndala zote mbili mikononi anakimbia katikati yao, na Mama Turubai anapunga mkono kama wakubwa waliopunga mkono siku ya utepe. Dada Breki alikuwa analia na kucheka, haoni vizuri, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakukumbuka breki ziko wapi. Walisimama mlangoni kwa sababu pikipiki iligonga ndoo.

"Kesho saa moja," mama akasema, akivua kofia. "Usichelewe. Nina mahema."

Wiki ileile wazee wengine wakaanza kujitokeza kileleni asubuhi, watu ambao hata majirani walidhani wamehama: mwalimu mstaafu anayetaka tu kukaa sokoni asikie kelele, mama mkwe wa fulani anayetaka kumwona daktari wa macho, mzee anayetaka kunyolewa na kinyozi wake. Walikuwa wamefungiwa huko juu miaka yote hiyo na mfereji. Madereva wakamiminika kwa fundi kutaka meno kumi na mawili. Diwani naye akatoka getini na mpiga picha, akataka kupigwa akiwa ameshika usukani, aseme wananchi wamejiongeza. Mama Turubai akamwambia apande nyuma ya binti yake wafike juu kwanza, waongee huko. Diwani akatazama saa.

Sasa wewe. Usipige makofi, makofi yalipigwa ya kutosha siku ya utepe na mtambo ukageuza. Kijichuma cha meno kumi na mawili kimefanya kazi ya barabara nzima, na diwani yuko radhi kabisa kiendelee kuifanya mpaka kiishe. Katika mtaa wako, juu ya ngazi, nyuma ya mfereji, yuko mtu ambaye hajatoka nje kwa muda usioujua, na hujui kwa sababu hujawahi kuuliza. Weka kitabu chini. Nenda kagonge mlango wake, muulize anataka kwenda wapi, umpeleke leo kwa chochote ulicho nacho. Mkiwa mnarudi, pitieni kwenye geti la diwani wenu, mkae hapo, muulize kwa sauti vile vifaa vimekwama njia gani, na msiondoke mpaka ajibu. Inuka. Viatu viko mlangoni.